Anaitikia "Nimeelewa, Sista", Kisha Anarudi Wodini

*Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu uuguzi. Anayejibu ni muuguzi mkufunzi.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko wodi ya magonjwa ya ndani, mwaka wangu wa kwanza tangu nipate leseni. Tulimruhusu mzee mmoja mwenye kisukari aliyeanzishiwa insulini. Nilimweleza kila kitu asubuhi ya kuondoka, naye akawa anaitikia "nimeelewa, sista". Haikupita wiki, akaletwa hajitambui, sukari imeshuka vibaya. Kwenye faili nilikuwa nimeandika "mgonjwa ameelimishwa". Nilikosa nini? Na sasa nianzie wapi?
— *Muuguzi mpya*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo wengi wanalikwepa.

Asubuhi ya kuondoka ndiyo saa mbaya kuliko zote za kufundisha. Mgonjwa amekwisha kuvaa, ndugu wamesimama mlangoni, mawazo yake yapo nyumbani. Ataitikia lolote ili aende. Elimu kwa mgonjwa huanza siku anapolazwa, ndani ya mahojiano yale yale unayoyaita tathmini. Ukimuuliza anaishi na nani, anakula saa ngapi, na dawa zake huwa anaziweka wapi, unakusanya taarifa na papo hapo unajua utamfundisha nini. Asiyetathminiwa hafundishiki, kwa sababu hujui unazungumza na nani.

Kwa hiyo sasa usikimbilie kurudia somo. Akitulia, mtathmini upya. Mpe kichupa cha insulini akusomee maandishi. Akisema miwani ameisahau, pokea jibu hilo kwa heshima, lakini jua linaweza kuwa na maana mbili: haoni vizuri, au hajui kusoma na anaona aibu kusema. Tazama vidole vyake kama vinatetemeka. Muulize siku ile alikula nini baada ya kuchoma sindano, na kama alikula kweli. Angalia majibu ya kipimo cha figo, maana figo zikidhoofika insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kisha mwambie alete sindano anazotumia nyumbani, avute dozi yake mbele yako. Usimsaidie. Tazama tu. Insulini nyingi siku hizi ina yuniti 100 katika kila mililita, lakini zipo sindano zilizochorwa kwa ajili ya insulini ya yuniti 40. Akivuta insulini ya 100 kwa sindano ya 40, hata akifuata mistari bila kukosea, anajichoma mara mbili na nusu ya dozi yake. Jambo kama hilo hulipati kwa kuuliza "unajua kuchoma?" Atakujibu anajua, naye atakuwa anasema kweli kadiri anavyofahamu.

Hapo ndipo ufundishe, na ufundishe machache. Mambo mawili au matatu kwa kikao kimoja yanatosha, mengine kesho. Kwa mzee huyu ningeanza na sukari kushuka, kwa kuwa ndiyo iliyotaka kumuua. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Akipima sukari akakuta chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), au hana kipimo lakini dalili zipo, atumie gramu 15 za sukari inayoingia upesi kwenye damu: vidonge vya glukosi, au kijiko kimoja kikubwa cha sukari kilichokorogwa kwenye maji. Asubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Akishapata nafuu, ale chakula. Anayeishi naye lazima awepo kwenye somo hili, kwa sababu mgonjwa akipoteza fahamu hatajisaidia mwenyewe. Huyo ndugu ajue kwamba hapo haruhusiwi kumtia mgonjwa chochote mdomoni. Amlaze ubavu na aombe msaada wa hospitali mara moja.

Sasa lile neno "umeelewa?". Naomba uliache kabisa. Mgonjwa anayekuheshimu atasema ndiyo, na anayekuogopa atasema ndiyo. Badala yake mwambie: "Mzee, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukiwa nyumbani ukaanza kutetemeka na kutoka jasho, utafanya nini?" Mzigo umeubeba wewe, yeye haoni kama anatahiniwa. Akijibu kombo, usirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Badili njia: chora, onyesha, mwache ashike. Halafu muulize tena.

Usisahau kumuuliza anaionaje insulini yenyewe. Wapo wanaoamini kuwa mtu akifikia sindano basi amefika mwisho, na hofu hiyo ikiachwa bila kuguswa itashinda maelezo yako yote.

Na kwenye faili, andika ulichokiona na ulichokisikia: "Amevuta yuniti 10 kwa usahihi bila kusaidiwa. Ametaja dalili 3 za sukari kushuka. Hajaweza kueleza afanye nini asipokula. Kurudia kesho mbele ya binti yake." Muuguzi wa zamu inayofuata akisoma hivyo anajua aendelee wapi. "Ameelimishwa" halimwambii kitu.

SWALI: Mimi ni mgonjwa wa presha. Asubuhi muuguzi mmoja alipata 152, baadaye mwingine akapata 134. Nimwamini nani?
— *Msomaji mwenye wasiwasi*

JIBU: Ndugu yangu, presha hupanda na kushuka siku nzima, lakini jinsi ulivyopimwa nayo ina sehemu kubwa. Unatakiwa uwe umekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimegusa sakafu, miguu haikupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya nguo, na kiwe saizi ya mkono wako. Kikiwa kidogo, namba hupanda. Kibofu kiwe kitupu, na usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Msizungumze wakati mashine inafanya kazi. Vipimo viwili, vikipishana kwa dakika moja au mbili, vina maana kuliko kimoja.

Una haki ya kusema, "Nimetoka kupanda ngazi, naomba nipumzike kwanza." Muuguzi mzuri atakushukuru.

SWALI: Mwalimu, mbona tumboni tunasikiliza kabla ya kupapasa, wakati sehemu nyingine tunapapasa kwanza?
— *Mwanafunzi, mwaka wa pili*

JIBU: Kwa sababu kupapasa na kugonga kunaweza kubadili sauti za utumbo, ukasikia ulichokisababisha wewe. Tazama, sikiliza, gonga, ndipo upapase. Panapouma paache mwisho, na unapopapasa macho yako yawe usoni mwa mgonjwa, si tumboni.

Na kwa kuwa uko mwaka wa pili, nikuongezee la kupumua: usimwambie mgonjwa unahesabu pumzi zake, atazibadilisha bila kutaka. Endelea kushika mkono wake kana kwamba bado unahesabu mapigo, huku ukitazama kifua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Pumzi zisipokuwa na mpangilio, hesabu dakika nzima.