Safari ya Kuokota Mawe Ziwa Superior: Wapi Uiname, Wapi Utazame Tu

Kila anayeniuliza kuhusu safari ya kuokota mawe kule Michigan, Marekani, huja na orodha ya fukwe. Ameshaitia kwenye simu, tano au sita kwa siku moja, na kila usiku alale mji mwingine. Ushauri wangu wa kwanza huwa wa kumvunja moyo kidogo: kata orodha hiyo ibaki robo. Ukishuka kwenye gari, ukatembea nusu saa, ukarudi garini, hujaokota mawe, umepunga upepo. Jicho linataka muda mrefu kuliko huo kabla halijaanza kutofautisha kokoto na kokoto. Saa ya kwanza kila chenye wekundu utadhani ni akiki, jiwe jekundu la mistari. Saa ya pili unaanza kuyapita mawe bila kuyagusa kwa sababu umeshajua kwamba siyo, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Jambo la pili ni kujua unachokitafuta kimetoka wapi. Takriban miaka bilioni 1.1 iliyopita, bara la Amerika ya Kaskazini lilianza kupasuka katikati. Ufa haukufika mwisho, lakini lava iliyotoka ilirundikana tabaka juu ya tabaka, na bonde lililobaki ndilo lililokuja kushika maji ya Ziwa Superior. Lava ikipoa huacha vitundu vya mapovu ya gesi. Maji yenye silika yakapita humo, yakaacha utando mmoja juu ya mwingine, na chuma kidogo kikautia wekundu: hiyo ndiyo akiki. Katika tabaka hizohizo maji ya moto ya chini ya ardhi yaliacha shaba, tena shaba tupu, si mawe ambayo lazima uyachome ndipo shaba itoke. Mwishoni zikaja barafuto, yaani mito mikubwa ya barafu, zikakwangua miamba na kubeba akiki na mapande ya shaba hadi mbali kusini. Kwa hiyo ufukweni na mgodini unatafuta mazao ya lava ileile, ila ufukweni mawimbi yameshakufanyia nusu ya kazi.

Jiwe la Petoskey halimo katika hesabu hiyo, lakini ukitoka kusini utalikuta kwanza, kwenye Ziwa Michigan, kati ya miji ya Petoskey na Charlevoix. Ni matumbawe yaliyogeuka jiwe, ya miaka kama milioni 350 iliyopita, wakati eneo hilo lilipokuwa chini ya bahari yenye joto. Michigan ililifanya jiwe rasmi la jimbo mwaka 1965. Likiwa kavu halina mvuto wowote: jiwe la chokaa la kijivu tu, na watu hulikanyaga. Likilowa, vinatokea vyumba vya pembe sita vilivyobanana, kila kimoja na doa jeusi katikati, pale palipokuwa mdomo wa kiumbe. Beba chupa ya kupulizia maji, au tembea pale pale mawimbi yanapofika. Ni jiwe laini, kwa hiyo unaweza kuling'arisha kwa mkono: msasa namba 220, kisha 400, kisha 600, maji muda wote, mwisho unga wa kung'arishia juu ya kitambaa. Lakini usiliweke mfuko mmoja na akiki. Petoskey ni ugumu wa 3 hivi kwenye kipimo cha Mohs, akiki ni karibu 7, na mtikisiko wa gari unatosha kulichubua.

Ukivuka Daraja la Mackinac, lenye urefu wa kilomita 8 na lililofunguliwa mwaka 1957, umeingia Upper Peninsula, rasi ya kaskazini ya Michigan. Hapo badilisha tabia za barabarani. Jaza mafuta kila unapoona kituo. Kipande cha barabara ya M-28 kati ya Seney na Shingleton ni kilomita 40 zilizonyooka bila kona, na usingizi huko ni adui kuliko tairi bovu. Jioni kulungu huvuka bila taarifa. Mtandao wa simu hukatika sana, hasa kaskazini ya rasi ya Keweenaw, basi pakua ramani mapema.

Kwa akiki, mimi huwaelekeza watu Grand Marais, kijiji kilicho ukingoni mwa Superior. Shemeji yangu, ambaye hana subira hata ya kungoja chai ipoe, alishuka pale akaanza kukimbia na ndoo. Nikamwambia, "Shemeji, rudi. Geuka ulielekee jua." Huo ndio ufundi wenyewe. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, tembea ukiwa nalo usoni. Mawe ya kawaida huzuia mwanga na kukuonyesha upande wa kivuli. Akiki hupitisha mwanga, kwa hiyo huwaka kutoka ndani, rangi ya asali au ya damu ya mzee, kama pipi iliyolambwa ikatupwa mchangani. Ukiliokota, liinue mbele ya jua. Tafuta mistari membamba inayofuatana. Tazama pia ganda la nje: mara nyingi lina vishimo vidogo vidogo, na palipovunjika panateleza mithili ya nta. Jekundu lisilopitisha mwanga hata kidogo huenda ni yaspi, jiwe zuri pia, ila usilipe jina lisilo lake. Jeupe linalopitisha mwanga bila mistari ni kwatsi, na hilo utaliona mpaka ulichoke. Ukiwa na shaka, jaribu kulikwaruza kwa ncha ya kisu cha kawaida. Akiki haikwaruziki, kisu ndicho kitakachoacha alama yake juu ya jiwe.

Siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata dhoruba, mawimbi yakiwa yamegeuza changarawe yote chini juu. Majira ya kuchipua, barafu ikishaondoka, nayo ni mazuri, kwa kuwa hakuna aliyekutangulia. Juni kuna mbu na inzi weusi wanaouma, lakini jua linazama karibu saa nne usiku, na mwanga wa chini unadumu muda mrefu ajabu. Mimi huichagua Juni na kuvaa mikono mirefu. Maji ya Superior ni baridi mwaka mzima na mawimbi yake hayana adabu, basi usiyape mgongo ukiwa umeinama, na watoto wasiingie hata ikiwa jua linachoma.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wageni wanapoharibu safari. Kwenye ardhi ya jimbo la Michigan, fukwe na sakafu ya maziwa ikiwemo, mtu mmoja anaruhusiwa pauni 25 za mawe kwa mwaka, yaani kilo 11 na kidogo. Watu huicheka sheria hii mpaka wakumbuke yaliyotokea mwaka 2015, jiwe la Petoskey la pauni 93 lilipotolewa majini kwenye Ziwa Michigan. Habari zilienea, na mamlaka ya maliasili ya jimbo ikalichukua. Uzito huo ni wa mawe yako yote kwa mwaka, si wa kila ufukwe. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya ndege.

Kwenye hifadhi za taifa ni sifuri. Pictured Rocks, ufukwe wa kwanza wa ziwa kuhifadhiwa kitaifa, mwaka 1966, unaanzia jirani kabisa na Grand Marais upande wa magharibi na kufika Munising. Ina maana unaweza kuwa unatembea kwenye ufukwe mmoja, kokoto zilezile, mawimbi yaleyale, na hatua chache mbele jiwe lililokuwa halali limekuwa kosa. Tazama vibao na uulize mpaka uko wapi. Kisiwa cha Isle Royale na matuta ya mchanga ya Sleeping Bear ni hivyohivyo. Kuhusu fukwe za mbele ya nyumba za watu, Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua mwaka 2005 kwamba umma unaweza kutembea chini ya alama ya kawaida ya maji ya juu. Iliruhusu kutembea. Kuokota mbele ya dirisha la mtu ni jambo lingine, na kumbisha hodi mwenye nyumba hakugharimu kitu. Wengi hukubali, na wengine hukuonyesha ndoo zao.

Keweenaw, rasi ile inayochomoza ziwani, inataka siku zake peke yake. Kabla ya kugusa kifusi chochote, nenda kwenye jumba la makumbusho ya madini la A. E. Seaman pale Houghton, kwenye chuo kikuu cha Michigan Tech. Si kwa ajili ya elimu ya jumla. Nenda ukayazoeshe macho jinsi shaba ilivyo kabla haijasafishwa: matawi, vibapa, nyuzi ndani ya jiwe jeusi, kijani cha kutu. Bila hivyo utapita juu ya shaba mgodini ukidhani ni ukungu wa jiwe.

Wenyeji wa asili walichimba shaba hapa maelfu ya miaka kabla ya Wazungu. Mwaka 1841 mwanajiolojia wa jimbo, Douglass Houghton, alitoa ripoti yake, na miaka michache baadaye watu wakamiminika. Mgodi wa Quincy, juu ya kilima cha Hancock, ulifanya kazi kuanzia 1846 hadi 1945, na shimo lake kuu lilishuka zaidi ya kilomita 2.8 ukifuata mteremko. Kuna ziara ya chini ya ardhi yenye kiongozi. Vaa koti, kwa sababu mle ndani ni nyuzi 6 hivi za Selsiasi mwezi wowote ule. Ukifika Calumet, simama kidogo penye tao la mlango wa Italian Hall. Ni kipande pekee kilichosimama cha jengo ambamo watu 73, wengi wao watoto, walikufa kwa kukanyagana usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1913, wakati wa mgomo wa wachimbaji, baada ya mtu kupiga kelele ya moto ambao haukuwapo. Utayatazama mawe ya migodi ile kwa jicho jingine.

Kuokota kunafanyika kwenye vilima vya kifusi, yale mawe yaliyotolewa shimoni na kutupwa kwa kuwa shaba yake ilikuwa kidogo mno kwa kampuni. Kwako wewe siyo kidogo. Vilima vingi ni mali ya mtu, kwa hiyo tafuta ruhusa, au nenda kwenye migodi iliyogeuzwa ya watalii inayokubali waokotaji. Nenda baada ya mvua, vumbi likiwa limeoshwa na kijani kimejitokeza. Tafuta upande uliofukuliwa karibuni, maana sehemu ya nje imekwisha kupekuliwa na vizazi.

Chukua jiwe mkononi. Likiwa zito kuliko ukubwa wake unavyoahidi, lipige nyundo, miwani ya kinga ikiwa usoni. Jiwe la kawaida hulia kwa mlio mkali na kupasuka. Lenye shaba ya maana hulia mlio mzito, nyundo inazama kidogo, na hata likipasuka vipande haviachani, vinaning'inia kwa nyuzi nyekundu ng'avu. Vivute. Havitoki. Ukiisikia sauti hiyo mara moja, hutahitaji kigundua metali, ingawa anacho shemeji na anakipenda kuliko gari lake. Kwenye vifusi hivyohivyo kuna datolaiti, ambayo kwa nje ni bonge chafu na ndani ni laini ya rangi ya maziwa au waridi, na klorastrolaiti, kito rasmi cha Michigan, kijani chenye mchoro wa gamba la kobe. Hiki cha mwisho kinahitaji bahati, nami sikishauri kwa anayeanza.

Usiingie kwenye shimo lolote lililoachwa. Hata hatua mbili. Mbao zimeoza, hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu, na sakafu unayoiona huenda ni takataka zilizofunika shimo jingine. Vizuizi vya nondo kwenye midomo ya migodi vimewekwa kwa ajili yako na kwa ajili ya popo wanaolala humo. Na ukiona nyasi zimedidimia katikati ya msitu, zunguka mbali.

Usiku, kama miguu bado inakubali, rudi ufukweni na tochi ya urujuanimno ya nanomita 365. Mawe fulani ya kijivu yenye madini ya sodalaiti, ambayo wauzaji huyaita Yooperlite, huwaka rangi ya machungwa yakimulikwa. Tochi za bei rahisi zenye mwanga wa zambarau hazifai, zitakuonyesha zambarau tu. Na ukikuta kipande cha buluu au kijani chenye mapovu ndani, hasa karibu na Leland kwenye Ziwa Michigan, hicho ni mavi ya chuma ya tanuri za karne ya 19. Wapo wanaovitengeneza pete, na ni nzuri, ila si jiwe.

Vifaa havizidi hivi: nyundo, miwani, glavu, viatu vigumu, chupa ya maji, tochi mbili, ndoo ndogo. Ndoo kubwa itakudanganya ujaze. Kila jioni weka mawe ya sehemu moja kwenye mfuko wake, na ndani utie karatasi yenye jina la mahali na tarehe, kwa penseli, kwani wino hufutika kwenye unyevu. Ukirudi kwa ndege, nyundo na mawe viende kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, na yale mazito utume kwa posta.