Kwanza mtoto asikilizwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtoto aanze Kiingereza darasa la ngapi. Mimi nataka kujua kwanza nani anamsikiliza huyo mtoto, kwa lugha yoyote ile. Wengi hapa Dodoma wanaamini mtoto akifika darasa la kwanza lugha imeshakamilika, kilichobaki ni kusoma na kuandika. Sivyo. Kupanga kisa, kueleza sababu, kuelewa mafumbo, kuunga sentensi kwa "ingawa" na "kama ninge-", hayo huendelea kukua mpaka ujanani.

Mpwa wangu alikuja kwetu Nkuhungu kutoka kijijini Mvumi akiwa darasa la tatu. Shuleni wakamwita mzito; akiulizwa, neno moja, kisha anainama. Jioni moja umeme umekatika, mama yangu akamuuliza kwa Kigogo, lugha ya nyumbani kwao, yule beberu aliyepotea kiangazi alipatikanaje. Mtoto akafunguka! Akaeleza kwa nini hakufuata korongo moja kwa moja. Nyayo za fisi zilikuwa juu ya kwato za beberu, maana yake fisi alipita nyuma yake, na kama angepiga kelele mbuzi waliobaki wangetawanyika, ndiyo maana alipanda mwambani kwanza kutazama. Maneno ya babu yake aliyasema kwa sauti ya babu. Mama kazi yake ilikuwa "ehe, ikawaje?" tu. Ugali ukapoa.

Kesho yake nikamwomba anisimulie kwa Kiswahili. Zikatoka sentensi fupifupi: halafu, halafu, halafu. Akili ile ile, maneno ya kuunga sentensi hana. Tukawa tunairudia jioni, anapokwama namwongezea. Darasani aliendelea kuwa mkimya, ila akiulizwa "kwa nini" akaanza kujibu sentensi nzima.

Nilikusudia kuandika kwamba Kiingereza kisubiri darasa la tano. Lakini kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na wa kuumia ni huyu wa Mvumi, si yule wa shule ya mchepuo wa Kiingereza. Basi kianze mapema, kwa nyimbo na mazungumzo, bila kula vipindi vya kusimulia kwa Kiswahili, wala mtoto asichapwe kwa kusema Kigogo. Darasa likiwa na watoto mia, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja. Hiyo ni kazi yetu nyumbani. Na pale ambapo shule haina mwalimu anayekimudu Kiingereza chenyewe, nabaki na darasa la tano.