Wasomaji wanauliza: Mwanafunzi wa uuguzi anajua kupima, je, anajua kuamua?

SWALI: Wanafunzi wanaoletwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo wanapima presha, wanahesabu mapigo na kujaza chati vizuri. Lakini mgonjwa akianza kuzidiwa mbele ya macho yao, hawashtuki. Nianzie wapi?
– Muuguzi kiongozi, wodi ya upasuaji

JIBU: Anzia kwenye namna unavyowagawia kazi. Mwanafunzi akiambiwa "kapime kitanda cha kwanza mpaka cha kumi", akirudi anasifiwa kwa kumaliza, wala haulizwi namba zile zinasema nini. Christine Tanner, mwalimu wa uuguzi wa Marekani, mwaka 2006 alieleza kwamba uamuzi wa muuguzi hupitia hatua nne: kuona, kufasiri, kutenda na kutafakari. Wanafunzi wengi hukwama kwenye kuona. Kosa huja kujitokeza kwenye kutenda, nasi tunakazana kusahihisha palepale lilipojitokeza.

Mpe mwanafunzi mgonjwa mmoja kwa zamu, wakizidi sana wawe wawili. Kabla hajasogea kitandani asome faili, kisha akwambie mambo matatu: mgonjwa ana nini, baya gani linaweza kumpata leo, na dalili ipi itatangulia. Akishindwa la tatu, mrudishe kwenye faili, maana mtu huona kwa urahisi kile anachokitazamia.

Chukua mama wa kilo 60 aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo asubuhi. Saa nane mchana mapigo yake ni 88, presha 124/78, pumzi 16 kwa dakika. Saa tisa: 104, 118/80, 20. Saa kumi: 118, 108/84, 24, na mfuko wa mkojo umeongezeka mililita 20 tu kwa saa nzima. Mwanafunzi ataandika "presha nzuri", kwa kuwa 108 peke yake haitishi. Mpe karatasi azichore namba hizo kwa mstari. Ataona mapigo na pumzi vinapanda pamoja. Kisha atoe presha ya chini kwenye ya juu kwa kila saa: 46, 38, 24, pengo linazidi kufinyika. Mkojo nao ulitakiwa ufike angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani 30. Mama huyu huenda anavuja damu ndani.

Hapo mweleze kwa nini presha imemdanganya. Damu ikipungua, mishipa hujibana na moyo hukimbia ili kufidia. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza hadi kama asilimia 30 ya damu yake kabla presha ya juu haijaanguka waziwazi. Anayengoja presha ishuke amechelewa. Kwa jedwali la NEWS2, linalotumika Uingereza kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa kwa kujumlisha alama za vipimo vyake, pumzi 24 ni alama 2, mapigo 118 alama 2, presha 108 alama 1. Hata kama joto, oksijeni na ufahamu viko sawa, jumla ni 5, na 5 ni kiwango cha kuita daktari haraka. Kisha mrudishe kitandani, atumie mikono: viganja vina baridi? Akibonyeza ukucha na kuuachia, wekundu unarudi ndani ya sekunde mbili? Amepitisha mkono chini ya mgongo? Bandeji inaweza kuwa kavu kwa juu, damu imetiririka kwenda kwenye shuka.

Na tafadhali simamia pumzi. Hakuna namba inayobuniwa wodini kama hiyo. Ukikuta chati za wodi nzima ni 18, 20, 18, 20, jua hakuna aliyehesabu. Ahesabu sekunde 60 kamili huku ameshika kifundo cha mkono kana kwamba bado anapima mapigo, kwa sababu mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi, huibadilisha.

SWALI: Nina wagonjwa 14 na wanafunzi wanne. Muda wa kufundisha nautoa wapi?
– Muuguzi wa zamu, wodi ya magonjwa ya ndani

JIBU: Dakika moja hadi tano kando ya kitanda zinatosha, ukifuata utaratibu ambao madaktari walimu waliueleza mwaka 1992. Kwanza mwanafunzi aseme msimamo wake: "Unadhani kinaendelea nini?" Pili, atoe ushahidi: "Umeona nini hata ukasema hivyo?" Tatu, mpe kanuni moja tu ya kuondoka nayo. Nne, mtajie hasa alichofanya vizuri. Tano, rekebisha kosa.

Panapoharibika zaidi ni pale mwanzo. Mwalimu anauliza, sekunde mbili zinapita, anajijibu mwenyewe. Baada ya siku tatu mwanafunzi ameshajua kwamba akinyamaza jibu litakuja. Uliza, kisha hesabu kumi kimoyomoyo. Akisema "sijui", muulize angetaka kujua nini zaidi ili ajue.

Usiruke swali la pili hata jibu likiwa sahihi. Aliyebahatisha na aliyefikiri hutoa jibu lilelile, na ukiuliza "kwa nini" pale tu alipokosea, swali lenyewe litakuwa linamwambia kwamba amekosea.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilimwambia sista kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita haeleweki, akajibu atamwona baadaye. Nilihisi kuna jambo. Ningefanyaje?

JIBU: Ulihisi vizuri, ila "haeleweki" haimpi sista mwenye kazi kumi kitu cha kushika. Panga maneno hivi: hali ilivyo sasa, historia fupi, ulichokuta, unachoomba. Kwa mfano: "Sista, naomba uje kitanda cha sita sasa hivi. Ni yule baba wa nimonia, siku ya pili. Saa mbili alinijibu vizuri, sasa hajui yuko wapi. Pumzi 28, oksijeni 91, mapigo 116. Nimemkalisha wima. Naomba umwone na daktari aitwe." Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla peke yake ni alama 3 kwenye NEWS2, kwa hiyo litaje mapema.

Akisema "baadaye", uliza kwa heshima: "Baada ya dakika ngapi, sista?" Usimwache mgonjwa peke yake, mtume mwenzako. Pima tena, na namba zikizidi kuwa mbaya au sista asipofika, nenda kwa kiongozi wa zamu au mkufunzi wako. Kufanya hivyo si kumkosea mkubwa adabu.

SWALI: Mwanafunzi akiamua vibaya mbele ya mgonjwa, nimkatize?
– Mkufunzi wa vitendo

JIBU: Kama uamuzi wake utadhuru, zuia mkono wake mara moja. Mfano ni potasiamu isiyozimuliwa ikiwa tayari kwenye sindano: ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Sema "Subiri, tuangalie pamoja", na maelezo yafuate mkiwa mmetoka pale. Kama hakuna hatari, mwache amalize, mkae dakika kumi kabla zamu haijaisha. Ulitarajia kukuta nini? Ulikuta nini? Ni wakati gani ulianza kuwa na shaka, na shaka hiyo uliifanyia nini? Hilo la mwisho mpe muda, maana mara nyingi utagundua kwamba alikuwa ameona, akajikataza kusema. Kesho mpangie mgonjwa yuleyule ili ajionee uamuzi wake ulizaa nini. Ratiba inayomhamisha kitanda kila siku inamnyima hilo.