Korongo linakula shamba langu Mwakirunge: nijenge ukuta?

SWALI: Nina ekari mbili Mwakirunge, kwenye mteremko unaoshukia upande wa hori. Juu yangu inapita barabara ya udongo. Masika iliyopita maji yalichimba korongo katikati ya muhogo, sasa linanifika kiunoni. Vijana wangu walilijaza mchanga na taka, mvua ya vuli ikabeba vyote. Fundi ananiambia nijenge ukuta wa matumbawe kule chini kabisa. Nikubali? Na minazi iliyo ukingoni itapona? — Mama mkulima, Kisauni

JIBU: Pole sana, mama. Ukuta usiujenge sasa. Ukiujenga kabla ya kuyashughulikia maji yenyewe, yataupiga ubavuni na kujitafutia njia mpya ndani ya shamba, nawe utabaki na makorongo mawili.

Panda hadi pale korongo linapoanzia. Hicho ndicho kichwa chake, na ndipo panapouma. Maji yanapodondoka hapo huchimba chini ya ukingo, udongo wa juu hukosa mahali pa kukalia, huporomoka, na kichwa husogea kupanda mlima. Ndiyo maana kujaza hakukusaidia: udongo uliomwagwa haujashikana, na maji yalikuwa yanakuja vilevile.

Yanakuja kiasi gani? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme kipande cha barabara kinachomwagia kwako kina urefu wa mita 100 na upana wa mita 6. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi Mei huku kwetu si ajabu, inaangusha hapo lita 30,000. Barabara iliyoshindiliwa na magari hainywi maji mengi. Sehemu kubwa ya hayo inateremka kwako, tena kwa mahali pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ikamilike kabla masika haijashika, ni mtaro wa kukinga maji juu ya kichwa cha korongo. Upana wake na kina chake viwe kama sentimita 60, na udongo utupwe upande wa chini. Mtaro huu usiwe sawa kabisa, wala usiwe mkali: kila mita 20 ushuke sentimita 10 tu. Ukizidisha, mtaro wenyewe utageuka korongo. Mwisho wake uwe mahali penye nyasi nzito, au kwenye mashimo mapana ya migomba. Nakuomba sana, usiyaelekeze kwa jirani. Zungumza naye mapema, mkubaliane maji yapite wapi. Mara nyingi mtaro mmoja uliochimbwa kwa ushirikiano huokoa mashamba yote mawili.

Baada ya hapo, shamba lenyewe. Tengeneza fremu ya mbao yenye umbo la herufi A, uning'inize timazi katikati, upige vigingi kufuata mistari ambayo ncha zake zote ziko kimo kimoja. Kujua mteremko, nyosha kamba ya mita 10 kwa pimamaji: ncha ya chini ikiwa juu ya ardhi kwa mita moja, mteremko wako ni asilimia 10, na makingamaji yako, yaani matuta au mistari ya nyasi ya kuzuia maji, yaachane mita 13 au 14. Ukiwa asilimia 5, mita 20 zatosha. Mahali penye udongo mzito, chimba fanya juu, yaani udongo utupwe upande wa mlima, kama walivyofanya wakulima wa Machakos. Tuta litanasa udongo mwaka hadi mwaka mpaka ardhi ikae ngazi. Lakini penye kichanga kitupu tuta hilo halisimami. Hapo mimi ningepanda mistari ya nyasi za vetiva iliyobanana, bila kuchimba chochote. Na muhogo pamoja na kunde vifuate mistari hiyohiyo. Kulima kwa kushuka mteremko ni kuyachorea maji njia.

Ndani ya korongo sasa ndipo vizuizi vinapoingia: vidogo na vingi, si ukuta mmoja mkubwa. Simamisha vigingi vibichi vya mti wa gilirisidia, ambavyo huku Pwani huota bila taabu, ukavisukie matawi, kimo kisizidi goti. Kizuizi kiingie ndani ya kingo zote mbili, na katikati kiwe chini kuliko pembeni ili maji yavukie hapo. Panga mawe upande wa chini, pale maji yanapoangukia. Umbali hupimwa hivi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe kimo kimoja na mguu wa kizuizi kinachokifuata kwa juu. Kwa korongo lenye mteremko wa asilimia 10 na vizuizi vya sentimita 50, hiyo ni kila mita 5. Udongo utajaa wenyewe nyuma yake. Panda nyasi za napia humo.

Usitumie magogo ya minazi iliyokufa. Magogo yakioza ndani ya shamba, chonga, yule mdudu mwenye pembe, huzaana humo, kisha hupanda kuitoboa minazi mizima.

Ama minazi ya ukingoni, ambayo bado imesimama wima ina matumaini, maana mizizi yake ni mingi na inatoka kote shinani. Usichonge ukingo ulio karibu nayo. Upande wa juu wa kila mnazi chimba handaki fupi, si chini ya mita moja na nusu kutoka shinani, ulijaze makumbi. Hushika maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Na makuti makavu tafadhali yasichomwe, yalazwe juu ya udongo ulio wazi.

Fedha za ukuta ningezitia kwenye mifereji ya bati na tangi. Paa la mita 8 kwa 10 likipata mvua hiyo ya milimita 50 hupokea lita 4,000, na hata zikipotea kidogo njiani, hayo ni maji ya miche yako wakati wa kaskazi.