Golf ya 2011 kwa Dodoma? Anza na gia boksi

Mkuu, umeuliza kama ununue Volkswagen Golf 1.2 TSI ya 2011 ya kutumia Dodoma; bei yake isikudanganye. Injini yake inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, na za miaka hiyo cheni hulegea. Iwashe asubuhi ikiwa baridi, sikiliza kama inagongagonga. Kinachotisha zaidi ni gia boksi ya DSG, yaani otomatiki ya klachi mbili, ya gia 7, ile ya klachi kavu zisizokaa kwenye oili. Ikishtuka unapoondoka taratibu, andaa pesa. Hapo Dodoma spea ya Toyota IST unaipata hata jioni. Ya Golf utaagiza Kariakoo, ije na basi, uombe iwe ndiyo yenyewe. Ukiing'ang'ania, mpeleke fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari kabla hujalipa. Mimi ningechukua Toyota Runx, japo haina mvuto.