Kadi ya mwaka wenyewe au ya mwaka unaofuata?

Umeuliza ni kadi zipi za besiboli, zile zenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma, zinazofaa kukumbushia mwaka 1987 mlipofunga ndoa na mwaka 1990 alipozaliwa binti yenu. Kabla ya kununua, igeuze kadi usome nyuma: takwimu zilizochapwa pale huishia msimu uliotangulia, hivyo yaliyotokea uwanjani mwaka 1990 utayasoma kwenye kadi za 1991. Kwa ndoa yenu ningechukua kadi ya 1987 ya kampuni ya Topps, ile yenye fremu ya rangi ya mbao, ambayo mzoefu huitambua hata kwa mbali. Kwa binti ningetafuta kadi za wachezaji Ken Griffey Sr. na mwanawe Ken Griffey Jr., ambao tarehe 14 Septemba 1990, wakiichezea pamoja timu ya Seattle Mariners, waliupiga mpira ukavuka uzio, baba akitangulia na mwana akimfuatia papo hapo. Bei isikutishe, maana kadi za miaka hiyo zilichapwa kwa wingi kupita kiasi na nyingi zingali rahisi hadi leo, jambo linalowakera sana waliozinunua kama akiba ya uzeeni. Usiandike chochote juu ya kadi yenyewe, wala usizifunge kwa rababendi, kwa sababu huumiza kingo. Andika tarehe na tukio kwenye kipande cha karatasi, kisha ukiweke nyuma ya kadi ndani ya mfuko wake wa plastiki.