Pawa saplai yako inavuta hewa wapi?

Kwa karibu miezi miwili kompyuta yangu ya mezani ilinitesa. Asubuhi naiwasha, inakwenda vizuri. Nikianza kuhariri video ndefu, baada ya dakika ishirini hivi inazima ghafla. Hakuna onyo wala skrini ya bluu, ni giza tu, kama vile mtu kachomoa waya ukutani. Nikiiacha robo saa inawaka tena, nzima kabisa.

Nilihangaika nayo kweli. Nilifuta pesti ya kupitisha joto kwenye prosesa na kupaka mpya, nikachomoa ramu na kuzichomeka upya, nikaongeza feni mbili kwenye kesi, yaani boksi lenyewe la kompyuta. Programu ya kupima joto ilinionyesha prosesa nyuzi 68 na kadi ya picha nyuzi 72, joto ambalo halizimi kompyuta. Hapo ndipo nilipopotea, na naona wengi wanapotea hapohapo: programu hizo zinasoma vifaa vyenye vipimo vyake vya joto, na pawa saplai nyingi (kile kiboksi cha ndani kinacholisha kompyuta umeme) hazina kipimo ambacho kompyuta inaweza kukisoma. Inaweza kuungua kimyakimya huku kila namba kwenye skrini ikiwa ya kijani.

Siku moja niliilaza kesi ubavu ili nitafute skrubu iliyoanguka, nikaona tumbo lake kwa mara ya kwanza. Pale chini, penye chujio la pawa saplai, palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Nilikishika kwa kucha kikabanduka chote kwa pamoja, kizito, cha vumbi na nyuzi za zulia. Kesi ilikuwa imekaa juu ya zulia nene, miguu yake mifupi imezama, na feni ya pawa saplai ilikuwa inatazama chini. Miezi yote ile ilikuwa inajaribu kuvuta hewa kupitia zulia.

Joto hilo linatoka wapi? Pawa saplai inapokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaotumiwa na madabodi, yaani ubao mkuu, na wenzake, na katika kugeuza huko sehemu ya umeme hupotea kama joto. Chukua yenye ufanisi wa asilimia 85: kompyuta ikihitaji wati 400, ukutani itavuta kama wati 470. Zile 70 zinazobaki ni joto, ndani ya kiboksi kidogo, na kazi ya kulitoa ni ya feni moja tu. Feni ikikosa hewa joto linapanda, na pawa saplai nzuri hujizima yenyewe kujilinda, ndivyo ilivyofanya yangu. Isiyo na kinga hiyo inaendelea hadi kitu kiungue. Hata isipozima, inazeeka: mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, kwa takriban nusu. Ndiyo maana nikinunua sasa natazama kama kapasita zake ni za kuhimili nyuzi 105, si 85.

Sasa, feni itazame wapi? Inategemea kesi. Kwenye kesi za zamani pawa saplai hukaa juu, feni yake ikitazama chini kuelekea prosesa. Inavuta hewa iliyokwisha kupata moto na kuitoa nyuma, kwa hiyo inafanya kazi mbili na kuumia zaidi. (Kiwango cha ATX cha Intel cha mwaka 1995, yaani mpangilio wa kesi, madabodi na pawa saplai, kilianza na wazo la kinyume, feni ipulize hewa ndani juu ya prosesa. Liliachwa, maana hewa hiyo ilikuwa imeshapashwa moto na pawa saplai yenyewe.) Kwenye kesi za sasa hukaa chini. Kama sakafu ya kesi ina matundu na chujio, geuza feni itazame chini, ivute hewa baridi ya nje. Kama haina matundu, au huna namna ila kuiweka juu ya zulia, igeuze itazame juu. Ila ikiwa kesi ina kifuniko kinachoificha pawa saplai, hakikisha kina matundu kabla ya kuigeuza, la sivyo umeihamisha shida tu.

Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha tishu, kisogeze nyuma kwenye wavu wa pawa saplai wakati kompyuta ina kazi nzito: kinatakiwa kusukumwa nje. Usipime ikiwa imetulia, kwa sababu baadhi ya pawa saplai huizima feni mzigo ukiwa mdogo. Huo si ubovu, tafadhali usikimbilie kuirudisha dukani.

Kuhusu usafi nina jambo moja ninalolisisitiza sana: usiifungue pawa saplai. Hata ukichomoa waya, kapasita yake kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Zima, chomoa, pulizia vumbi kutoka nje, na uzuie mapanga ya feni yasizunguke kwa kutumia kijiti cha plastiki, maana upepo mkali huyazungusha kupita kiasi na kuharibu beringi.

Mimi niliweka ubao bapa chini ya kesi, nikaosha chujio na kulianika likauka kabisa, nikaisogeza kesi mbali na ukuta, shibiri moja hivi. Jioni hiyo nilihariri kwa saa tatu mfululizo. Nilipeleka kiganja nyuma nikahisi hewa ya moto inatoka kwa nguvu, na nilifurahi mno kuihisi.

Kama feni yako imeshaanza kukwaruza au imekwama, badilisha pawa saplai nzima. Na ukibadilisha, ikiwa ni ya nyaya za kuchomoa, toa nyaya zote za zamani na utumie zilizokuja na mpya. Upande unaoingia kwenye pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Waya unaweza kuingia vizuri na bado ukaunguza diski zako zote.